Uzi: Namna ya kuandika mpango wa elimu wa mtoto mmoja mwenye ulemavu, kuanzia kiti anachokalia

#1 – Mwanzisha uzi

Habari za Jumapili wanajukwaa.

Mimi ni mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa ajira mpya aliniomba nimpe "sampuli ya IEP" ili anakili na kubadilisha jina la mtoto. Nilimnyima, na tangu siku hiyo sina raha, maana na mimi nilianza hivyo hivyo na aliyeumia alikuwa mtoto. Nimeona niandike ninachokijua, tena kwa kirefu, yeye asome na wengine wasome.

Kwa wasio walimu: IEP ni mpango wa elimu unaoandikwa kwa ajili ya mwanafunzi mmoja mwenye ulemavu. Unaeleza leo anaweza nini, tunataka afike wapi na lini, nani atamfundisha, kwa vifaa gani, na tutajuaje kwamba amefika. Nitauita "mpango" tu.

Nianze na kosa langu.

Nilipokea binti wa miaka minane mwenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo unashindwa kuiongoza misuli vizuri. Mkono na mguu wa kulia umekakamaa, na maneno yanamtoka kwa shida. Mgeni akimsikia atadhani anaguna. Tukaambiwa wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wanakuja Jumatano. Jumanne usiku nikaketi na mipango ya watoto tisa, nikaimaliza yote kabla ya saa sita. Kwa binti huyu niliandika: "Ifikapo Desemba mwanafunzi ataweza kusoma, kuandika na kuhesabu." Nikaweka saini, ikagongwa muhuri, ikaingia kwenye faili. Wathibiti wakahesabu mipango tisa, wakaridhika. Mwaka uliofuata nikanakili sentensi ile ile nikabadilisha mwaka.

Mwaka wa tatu mama yake alikuja kuleta mchango wa uji. Akaliona faili mezani, akauliza, "Mwalimu, hapa mwanangu ameandikwa nini?" Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si ndiyo kazi ya shule kwa watoto wote hiyo? Ya kwake iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile niliuchana ule mpango.

Kabla ya kalamu, macho

Kwa wiki mbili sikuandika lengo lolote. Nilinunua daftari dogo nikawa namtazama: darasani, wakati wa uji, njia ya chooni, anapochukuliwa na dada yake mchana. Naandika ninachokiona tu. "Mvivu", "mzito", "hajitambui" hayakuwa na nafasi kwenye daftari lile, kwa sababu hayo ni maoni yangu, hayamhusu yeye.

Nililolikuta lilinitia aibu. Dawati tulilompa ni lile refu la watoto watatu, la kimo cha darasa la tano. Miguu yake ilikuwa inaning'inia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye nyayo zake hazijakanyaga kitu hutumia nguvu zake zote kuuzuia mwili usianguke. Nikatazama mkono wake wa kushoto, ule mzima, ambao ndio wa kuandikia: muda wote umeng'ang'ania ukingo wa dawati. Mkono niliokuwa naudai uandike ulikuwa na kazi ya kumshikilia mwenyewe asidondoke. Na kwenye faili mimi nimeandika "hawezi kuandika"!

Fundi wa mtaani akakata miguu ya kiti cha zamani, akapigilia viegemeo vya mikono pembeni. Tukaweka matofali mawili chini ya nyayo. Kinachotafutwa ni nyonga zirudi nyuma kabisa kwenye kiti, magoti yakunjike vizuri, nyayo zitue zote chini, na meza ifike usawa wa viwiko. Daftari tukalibandika mezani kwa selotepu lisiteleze. Penseli nikaipitisha katikati ya kipande cha ndala kuukuu ili iwe nene na ishikike. Gharama kubwa ilikuwa ya fundi tu. Siku ya nne alichora mstari kutoka kushoto kwenda kulia bila kushika dawati.

Ndiyo maana kila anayeniomba sampuli namuuliza kwanza: mtoto wako anakalia nini? Anaona ubao? Anakusikia ukigeuka kuandika? Amekula? Mtoto mwenye kifafa, dawa anazipata na zinamlevya saa ngapi? Usimpe ulemavu wa pili ambao chanzo chake ni samani.

Hali ya sasa

Sehemu hii ya mpango ndiyo moyo wake, na ndiyo tunayoikimbia kwa mistari miwili. Ukikosea hapa, malengo yote yatakuwa ya mtoto mwingine. Nilikuwa nimeandika "anajua herufi chache". Sasa niliandika hivi:

"Akiwekewa kadi nne mezani na kutajiwa herufi moja, anagusa iliyo sahihi. Kati ya herufi 24 amepata 14. Anachanganya b na d, m na n. Anafanya kazi ya mezani kwa dakika 10 hivi, kisha kichwa kinainama. Akipumzishwa dakika 5 anarudi. Anawajua wenzake wote, na mtoto asipokuja yeye ndiye wa kwanza kuonesha nafasi iliyo wazi. Akikubali anainua nyusi. Akikataa anafumba macho. Anatenganisha maharage na mawe kwa mkono wa kushoto bila kukosea. Kwenda chooni anangoja apelekwe, haombi."

Soma tena hapo kwenye nyusi. Mimi sikuzijua. Nimeambiwa na mama yake, miaka mitatu baada ya kumpokea mtoto. Miaka mitatu namuuliza maswali, ananijibu kwa nyusi, nami naandika "hajibu".

Tazama pia hiyo ya nafasi iliyo wazi. Mtoto anayegundua nani hayupo kati ya watoto tisa ana kumbukumbu na anahesabu kwa namna yake. Hapo nikapata pa kuanzia Hisabati: mahudhurio. Kila asubuhi anaweka kifuniko cha soda kwa kila mwenzake aliyekuja.

Malengo

Matatu yanatosha kwa muhula. Nimeona mipango yenye malengo kumi na tano, na hakuna hata moja linalofundishwa.

Kabla ya kuandika nilimwita mama yake. Mimi nilitaka kusoma kwanza. Yeye alitaka mtoto aombe choo, na avae gauni la shule mwenyewe, kwa sababu kila asubuhi anachelewa kibaruani akimvalisha. Nilitaka kumbishia kwamba hayo ni ya nyumbani. Nikajizuia. Mtoto akijisaidia darasani wenzake wanahama, anabaki peke yake kwenye dawati, na hakuna herufi inayoingia siku hiyo. Mama aliona mbali kuliko mimi.

Lengo zuri lina mambo manne: katika hali gani, atatenda nini kinachoonekana kwa macho, kwa kiwango gani, na kufikia lini. "Ataelewa", "atajua", "atafahamu" yaache; kuelewa hakuonekani kwa macho. Tulikubaliana hivi:

Lengo la kwanza: Ifikapo mwisho wa Mei, akitaka kwenda chooni, ataonesha picha ya choo iliyobandikwa kwenye meza yake, bila kukumbushwa, angalau mara 4 kwa wiki, kwa wiki tatu mfululizo.

Lengo la pili: Ifikapo mwisho wa Juni, akiwekewa kadi nne za silabi na kutajiwa moja, atagusa iliyo sahihi mara 8 kati ya 10, kwa silabi zinazoundwa na m, b, k na t pamoja na irabu zote tano, siku tatu tofauti.

Lengo la tatu: Ifikapo mwisho wa Juni, akiwa amekaa, atafunga vifungo viwili vikubwa vya gauni lake kwa mkono wa kushoto, ndani ya dakika 5.

Kwenye lengo la pili sikuandika "atasoma kwa sauti". Mdomo wake haumtii. Ningedai sauti, ningekuwa napima mdomo huku natafuta kusoma. Kidole kinanionesha kilichomo kichwani.

Vipande

Lengo ukishaliandika, livunje. Kifungo kina kazi ndani yake ambazo sisi tumezisahau: kushika ukingo wa nguo, kulenga tundu, kusukuma, kukamata upande wa pili, kuvuta. Nilianza kufundisha kutoka mwisho. Mimi nasukuma kifungo mpaka nusu kimetokeza, yeye anavuta tu na kumaliza. Kila siku anamaliza yeye, anaona kifungo kimefungwa na mkono wake. Akishazoea kuvuta, namwachia na kukamata, tunarudi nyuma hivyo hivyo mpaka kazi yote iwe yake. Mtoto aliyeshindwa mara nyingi hapendi kuanza kitu. Mpe mwisho kwanza aonje kumaliza.

Tulianza na kifungo kikubwa cha koti tulichoshona kwenye kitambaa mezani. Kile cha gauni kilikuja baadaye.

Nani, lini, na daftari la Ijumaa

Kwenye mpango andika vyeo kwa ukweli. "Mwalimu, mzazi na jamii" maana yake hakuna mtu. Nikaandika: silabi, mimi, kila siku baada ya uji, dakika 10, pumziko 5, kisha 10 tena. Choo, mimi na matroni. Kifungo, dada yake jioni, na mimi Jumatatu na Alhamisi. Picha ya choo ilichorwa na mwalimu wa Sanaa. Moja ikabandikwa shuleni, nyingine nyumbani, maana ishara lazima iwe moja kote.

Kila Ijumaa nachukua kadi kumi na kuandika namba: 4, 5, 5, 4. Mtoto asipopanda kwa wiki tatu, mwenye kubadilika ni mimi. Nabadilisha njia, au kipande nilichokata ni kikubwa mno. Mpango wangu siku hizi una mistari iliyokatwa kwa kalamu nyekundu na tarehe pembeni. Mthibiti mmoja aliniuliza kwa nini ni mchafu. Nilimwonesha daftari la Ijumaa, tukakaa naye saa nzima tunaongea juu ya mtoto. Sikuwahi kuwa na ukaguzi mzuri kama ule.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu nikitoka kwenye kazi za nyumbani.

---

#2 – Mchangiaji, mwalimu wa darasa la kawaida

Shikamoo mwalimu. Nimesoma yote na nimekuelewa, lakini wewe una watoto tisa. Mimi nina tisini na sita darasa la tatu. Kati yao yupo mmoja mwenye ualbino na mwingine anasikia kwa shida sikio moja. Hizo wiki mbili za kumtazama mtoto mmoja nazitoa wapi?

#3 – Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ndilo la walimu wengi wa nchi hii, na sitakudanganya kwamba ni rahisi.

Kwanza, si kila mtoto mwenye ulemavu anahitaji malengo ya peke yake. Huyo mwenye ualbino, akili yake na mtaala havina ugomvi. Anachohitaji ni marekebisho: akae mbele katikati, mbali na dirisha linalompiga mwanga usoni, na awe huru kuinuka kusogelea ubao bila kuomba ruhusa kila mara. Unaloandika ubaoni lisome kwa sauti. Akiweza kupata kitabu cha maandishi makubwa ni vizuri. Kofia pana na mikono mirefu wakati wa michezo, na asisimamishwe juani mstarini. Usimshangae akisogeza daftari mpaka puani. Hajiharibii macho, ndivyo anavyoona. Karatasi moja inatosha, na muhimu zaidi ni hiyo karatasi imfuate akipanda darasa, mwalimu wa la nne asianze upya.

Huyo wa sikio, mweke upande ambao sikio zima linakuelekea, na usiongee ukiwa umegeukia ubao. Pia muulize mzazi kama sikio limewahi kutazamwa hospitali, hasa kama linatoa usaha. Kuna watoto tunawaita wagumu kuelewa kumbe sikio linauguza na lina tiba.

Marekebisho hayo yaandikwe pia kwa ajili ya mitihani. Baraza la Mitihani huongeza muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na wasioona vizuri huandaliwa karatasi za maandishi makubwa. Lakini mtoto lazima awe ameingizwa kwenye taarifa za shule mapema. Ukinyamaza wewe, siku ya mtihani atapewa karatasi kama ya wenzake.

Na wiki mbili za kumtazama: chagua mtoto mmoja kwa muhula, dakika tatu kwa siku, wakati wengine wananakili zoezi. Daftari liwe mfukoni.

---

#4 – Mchangiaji, mzazi

Mwalimu nimelia kwenye hapo pa nyusi. Mwanangu ana usonji, miaka tisa, yuko kitengo. Sijawahi kuona karatasi yoyote ya mpango wake. Nikiuliza naambiwa "mama, hayo ni ya kitaalamu". Nifanye nini bila kugombana na walimu? Naogopa wakimchukia ataumia yeye.

#5 – Mwanzisha uzi

Dada yangu, pole. Hofu yako naijua, wazazi wengi wanayo.

Nenda siku ya kawaida, si siku ya kikao cha wazazi. Usianze na kudai karatasi. Anza na unachokijua wewe: mrekodi mtoto kwa simu akiwa nyumbani akifanya jambo analoliweza, hata kama ni kupanga viatu kwa rangi au kuwasha redio. Mwoneshe mwalimu. Video ya dakika mbili imeshanibadilisha mimi mipango miwili. Mtoto mwenye usonji anaweza kuwa mtu mwingine kabisa nyumbani, na mwalimu asiyemwona huko anaandika nusu ya mtoto.

Kisha muulize maswali matatu: muhula huu mnamfundisha jambo gani hasa? Mnajuaje kama amelipata? Mimi nifanye nini jioni? Maswali hayo hayamtukani mtu. Mwalimu mwenye mpango atafurahi. Asiye nao ataanza kuufikiria akiwa njiani kwenda nyumbani, kama nilivyofikiria mimi.

Yakishindikana, panda kwa Mwalimu Mkuu, kisha kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Unapopanda, panda ukijua uliposimama. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto haki ya elimu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 tuliuridhia 2009, na kifungu cha 24 kinataja waziwazi msaada unaomfaa mtu mmoja mmoja. Huombi fadhila.

Kuhusu "ya kitaalamu": mpango ambao mama hawezi kusomewa kwa Kiswahili akauelewa, hata mwalimu aliyeuandika hauelewi. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

---

#6 – Mchangiaji, mwalimu kutoka Kenya

Salamu kutoka Machakos. Huku kwetu mtoto huanzia kituo cha tathmini cha kaunti, zile EARC zilizoanza mwaka 1984, halafu anapendekezewa shule. Walimu wengi wa elimu maalumu tumepitia KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya, pale Kasarani. Tathmini ikiletwa kutoka kituoni, mara nyingi inataja ulemavu na shule anayofaa kuwekwa, basi. Mwalimu anabaki anaishika kama cheti cha hospitali. Ningependa wenzangu waelewe kwamba jina la ulemavu halikupi lengo. Nimekuwa na watoto wawili wenye Down syndrome mwaka mmoja. Mmoja alikuwa anasoma hadithi, mwingine alikuwa anajifunza kushika kijiko. Ukinakili mpango wa huyu kwa huyu umewakosea wote wawili.

#7 – Mwanzisha uzi

Asante sana mwalimu mwenzangu. Na huku ni hivyo hivyo. Kuna anayeniandikia inboksi kwamba anasubiri barua ya daktari ndipo aandike mpango. Barua itafute, hasa kwa kifafa, masikio na macho. Lakini kiti hakisubiri barua.

---

#8 – Mchangiaji, yuko Marekani

Mimi nipo jimbo la Ohio, nakalimani shuleni kwa familia za Kiswahili, wengi ni ndugu zetu wa Kongo waliopitia Nyarugusu na kambi nyingine za wakimbizi mkoani Kigoma. Huku mpango huu una nguvu ya kisheria tangu sheria ya mwaka 1975, na mtoto anastahili huduma kuanzia miaka 3 hadi 21. Mzazi ni mjumbe kamili wa kikao, na shule inalazimika kuchukua hatua aelewe kinachosemwa, pamoja na kumletea mkalimani. Mpango unapitiwa kila mwaka, na tathmini inarudiwa angalau kila baada ya miaka mitatu.

Pamoja na hayo yote nimewakuta mama zetu wamesaini kurasa ishirini za Kiingereza kwa sababu waliona kukataa ni kukosa adabu mbele ya mwalimu. Mmoja alidhani anasaini ruhusa ya safari. Mama zangu mnaosoma huu uzi mkiwa huku: mna haki ya kusema "naomba nipeleke nyumbani nikasomewe". Na msimtumie mtoto wenu mkubwa kama mkalimani kwenye kikao hicho. Kuna maneno juu ya mdogo wake ambayo hapaswi kuyabeba yeye.

Mwanzisha uzi, uliposema ulinakili sentensi ukabadilisha mwaka nikakumbuka kesi ya Endrew F. Alikuwa mtoto wa Colorado mwenye usonji. Wazazi walilalamika kwamba malengo yake yalikuwa karibu yale yale mwaka hadi mwaka, hapigi hatua. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Machi 2017 majaji wote wanane waliosikiliza walikubaliana kwamba mpango lazima uandaliwe kwa namna itakayomwezesha mtoto kusonga mbele kulingana na hali yake. Faida ya kuambulia punje tu haitoshi.

#9 – Mwanzisha uzi

Nimelisoma jibu lako mara tatu. Mahakama ya Juu ya nchi nyingine imesema alichoniuliza mama mmoja akiwa na mchango wa uji mkononi.

Nitaongeza jambo moja kwa walimu kutokana na hili. Ukifika mwisho wa mwaka na lengo ni lile lile, kabla ya kulihamisha andika chini yake kwa mkono wako: kwa nini halikufikiwa? Kama huwezi kujibu, hukulifundisha.

---

#10 – Mchangiaji, ajira mpya

Mwalimu, ni mimi uliyeninyima sampuli. Nilikasirika, nisamehe. Jana nilikaa nyuma ya darasa nikamtazama kijana wangu wa kwanza kwenye orodha. Ana uoni hafifu na ulemavu wa akili. Nimegundua kila nikiinua kitabu cha picha anageuza kichwa pembeni, nikadhani hataki. Baadaye nikaona ndivyo anavyotazama hata simu ya mama yake, kwa pembeni ya jicho. Hapo naandika nini?

#11 – Mwanzisha uzi

Hukunikosea mdogo wangu. Andika hicho hicho, kama ulivyokisema hapa: "Anatazama picha kwa kugeuza kichwa, anatumia pembeni ya jicho." Andika na upande gani. Kisha weka kitabu upande huo, karibu, picha moja kwa mara moja kwenye karatasi nyeusi isiyo na maua wala mapambo, na uone anachokigusa. Usimgeuze kichwa kwa mkono. Mpeleke kliniki ya macho. Jumatatu uje na daftari, tutaandika pamoja lengo la kwanza. Hilo la pili utaandika mwenyewe.

---

#12 – Mwanzisha uzi (mrejesho)

Wengi mmeniuliza kwenye inboksi binti aliishia wapi muhula ule. Nijibu hapa kwa namba za daftari la Ijumaa.

Choo: alifikia lengo wiki ya tisa. Kulikuwa na wiki mbili alizorudi nyuma kabisa, matroni aliposafiri kwenda msibani. Nikajifunza kuandika jina la mtu wa pili.

Silabi: hakufika. Mwisho wa Juni alikuwa 6 kati ya 10. Za m na k alizipata zote, b na t zikamsumbua. Tulikata lengo, tukabaki na b peke yake kwa mwezi mzima, na kadi za b nikazipaka mchanga kwa gundi ili azipitishie kidole. Septemba alifika 8, Oktoba 9.

Kifungo: alifunga vyote viwili kwa dakika 4. Dada yake alihesabu kwa simu. Mama yake aliniambia siku hiyo aliwahi kibaruani, akakaa kwenye benchi nje ya geti kwa sababu hakuna aliyekuwa amefika.

Januari tulipokaa kuandika mpango mpya nilimpa mama kalamu, nikamwambia lengo la kwanza aliseme yeye. Alifikiri, akasema, "Atumwe dukani kama wadogo zake." Tukalipanga pamoja mpaka likakaa hivi:

"Ifikapo mwisho wa Machi, akipewa kadi yenye picha ya chumvi na shilingi mia tano mkononi, atakwenda duka la jirani akisindikizwa na dada yake kwa umbali wa hatua kumi, atamwonesha muuzaji kadi, na atarudi na chumvi na chenji, mara 3 kati ya 4. Wanaofundisha: mama na dada. Anayepima: mwenye duka."

Mwenye duka alikuja shuleni kuweka saini.